Isale la Kaburini kwa Babu

Jana mkwe wangu Neema alikuwa anapunguza masale ya mpakani, na ile harufu ya majani mabichi ikanikuta jikoni nakoroga mtori. Nikauweka mwiko chini. Nina wajukuu kumi na mmoja, jamani, lakini harufu hiyo bado inanirudisha kuwa Manka wa miaka tisa.

Dada yangu Aikande alimpenda Elia, kijana wa Kwa Sadala aliyekuja kwetu kuchuma kahawa. Walivyokuwa wanachekeana kwenye mibuni, hata mimi nikaona aibu. Baba alipojua alimpiga Aikande, naye akakimbilia kwa kina Elia. Baba akaapa kwamba hatarudi kwenye shamba letu la nyumbani: "Akikanyaga kihamba changu, nitamkata miguu." Hatukudhani ni maneno tu. Mkono wa kushoto wa mama ulikuwa haunyooki tena, na pale nyumbani wote tulijua kwa nini.

Jumapili moja, mama bado yuko kanisani, Aikande akarudi na Elia. Wakasimama nje, njiani. Baba alikuwa nyuma ya banda anamkatia ng'ombe wetu Malkia migomba, panga mkononi.

"Manka, mdogo wangu," Aikande akaninong'oneza, "mpelekee baba isale. Anibariki tu, niolewe kama watu."

Kwetu Wachagga, masale hupandwa mipakani na makaburini, na ukiletewa jani la isale unaombwa msamaha, na kulikataa ni jambo la kuogopwa. Lakini hulipeleka mtu mzima mwenye heshima, siyo mtoto mwenye kamasi. Mzee Ndetaramo, jirani yetu, ndiye angefaa, ila alikuwa ameenda Himo. Nikavunja jani la karibu, nikaenda. Nilisikia panga, cha, cha, halafu likanyamaza.

"Nani kakutuma?"

Nikanyoosha jani tu. Mkojo ulinishuka mpaka miguuni, siwafichi.

"Umelichuma wapi?"

"Kaburini kwa babu."

Nikafumba macho, nikingoja. Nilipofumbua, panga lilikuwa chini, na baba alikuwa amelishika jani kwa mikono miwili.

"Waambie waingie," akasema.

Elia alisema "Shikamoo, baba" mara tatu ndipo akaitikiwa.

Miaka mingi nilijisifu kwamba nilimshinda baba. Tulipokwisha kumzika, ndipo mama akanieleza. Babu naye alikuwa mpigaji. Baba, akiwa kijana, alimpelekea isale, babu akalikataa, akafa hawasemeshani. Kumbe siku ile baba hakuniona mimi. Aliona jani limetoka kwa baba yake.

Alilihifadhi darini mpaka likawa kama karatasi. Mama alinionyesha, amelishika kwa mkono ule ule usionyooka.

"Aikande alisamehewa, na baba yako akajiona amesamehewa na babu yako," akasema. "Mimi nilikuwa nalisubiri isale langu kila jioni anapotoka mgombani."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba siku ile nilichuma jani moja, na nyumbani kwetu yalihitajika mawili.