Miaka ya Nakiru wa Kwanza

Pale Nawoitorong, Lodwar, ukiuliza umri wa bikizee Nakiru utaambiwa miaka mia na kumi, na usithubutu kubisha. Mwenyewe alikuwa na ushahidi. Alikuwepo wakati wa njaa iliyomaliza mbuzi wote wa Kerio, njaa ambayo si ya jana, na shanga alizovaa siku zile bado zilikuwa shingoni mwake.

Kumbe njaa ile hakuiona yeye. Aliiona dada yake, Nakiru wa kwanza, akafia njiani akiwa msichana. Mvua iliporudi mama yao alijifungua, akampa mtoto jina lile lile na shanga zile zile, akamwambia, "Umerudi." Mtoto akakua akijua kwamba amerudi. Kila mwaka alioishi, aliwahesabia wote wawili. Dada hakuacha mtoto wala kaburi. Alichobakiza duniani ni ile miaka yake michache, na bikizee aliishika kama mtu anavyoshika mkono wa mtoto sokoni.

Basi akaja Wekesa kutoka Nairobi, kijana mpole, kazi yake kuhakiki umri wa vikongwe wanaopewa vyeti vya kupita miaka mia. Watu wa vyeti ni wagumu, hawaamini mvi. Alitaka mtu aliyemjua bikizee tangu utotoni. Mjukuu wa bikizee, Akaale, asiyejua lolote, akamtaja kikongwe Nakuleu wa Kakuma. Heri angejiuma ulimi. Bikizee alijua linalomngoja huko, lakini angekataa kwa sababu gani? Akapanda gari.

Walimkuta Nakuleu ameketi nje ya nyumba ya mwanawe, muuza makaa kwa wakimbizi. Macho yake yalikuwa yamekufa zamani. Aliwapokea kwa salamu ya "ejok", akampapasa bikizee usoni, mkono ukashuka hadi kwenye shanga na kutulia hapo.

"Hizi ni za Nakiru," alisema kwa Kiturkana.

"Ndiye huyu, nyanya," Akaale akamwambia.

"Huyu ni mdogo wake. Huyu nilimbeba mimi. Nakiru ndiye aliyenibeba, ile safari ya njaa. Maji yake alininywesha mimi, yeye akafa."

Akaale alimtafsiria Wekesa. Wekesa akaweka kalamu chini.

"Nyanya, hata tisini na kitu ni umri wa heshima," alimwambia bikizee taratibu.

Heshima! Nani aliyemwomba heshima? Bikizee aliona dada yake amekufa upya siku ile, mchana kweupe, mbele ya watu, na hakuna hata mmoja aliyelia isipokuwa yeye. Hakumlaumu Nakuleu. Nakuleu naye alikuwa anamtunza marehemu wake. Kilichomchoma zaidi ni kwamba maisha yake yote alikuwa Nakiru, na hakuwahi kumwuliza mtu Nakiru alikuwa nani.

"Uso wake ulikuwaje?" aliuliza.



"Uso nimeusahau," alisema Nakuleu. "Nakumbuka mgongo tu."

Bikizee akajisogeza mchangani, akageuka, akaketi mgongo wake ukiwa mbele ya Nakuleu. Nakuleu akalilaza shavu lake pale. Alikaa hivyo, mikono imemzunguka mwenzake mabegani.

"Ule ulikuwa mdogo," alisema mwishowe. "Mdogo sana kuliko huu."