Aliyekuja Kupanga Teze ya Bwana Yangu

Mwenye kusema huu ni uongo aje Mikelenge, mtaa wetu wa Kindu, nyumbani kwangu, nimwonyeshe kiti. Kiti kiko pale mpaka leo, karibu na dirisha, na hakuna mtu wa nyumba hii anayekikalia. Mimi nilisoma mpaka darasa la tano tu, sijui kubuni hadithi. Ninaandika yale yaliyonipata mchana, macho wazi, bila homa na bila ndoto. Na majina nitayataja, kwa sababu tulinyamaza sana wakati wa vita na kunyamaza hakukutusaidia kitu.

Wa kwanza ni Assumani, bwana yangu, ambaye watu sasa wanamwita Dokta. Wa pili ni Kalonda, mwenye pirogi, ule mtumbwi mrefu wa kubeba watu na mizigo mtoni. Yeye amekufa, Mungu anamjua. Wa tatu ni Zaina. Huyo sijui nimweke upande gani. Someni, mtaamua wenyewe.

Kabla vita havijafika Kindu, Assumani alikuwa mwalimu, naye alikuwa anaandika kazi yake ya chuo juu ya biashara ya mto Lualaba: nani alisafirisha nini, chumvi, mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, samaki wa kukausha, toka wapi mpaka wapi. Zaina alikuwa mwandishi wa shule, wa kupiga mashini ya kuandika. Kila siku, wanafunzi wakiisha kutoka, Assumani alisoma kwa sauti, naye alipiga. Mimi nilikuwa bibi mpya, nimetoka Kailo. Nilipeleka chakula cha bwana yangu ndani ya bakuli, nikasimama mlangoni, nikaona mgongo. Mgongo umenyooka, shingo ndefu, na mkono wa kushoto unaosukuma kile chuma cha mashini kila mstari ukiisha. Ngliing! Unasukuma. Ngliing! Unasukuma. Nilichukia ule mkono, niamini. Uso wake sikuutazama hata mara moja. Mtu unayemwonea wivu, utamwangalia usoni wa nini?

"Huyu njo mukono yangu," Assumani aliniambia. "Bila yeye kazi haiishe."

"Na mimi njo nini yako?"

Akacheka, akala sombe, majani ya muhogo niliyomtwangia.

Kisha vita vikaingia mjini. Wenye silaha walichoma upande wetu asubuhi, watu wakakimbilia mtoni. Nilikuwa na mimba kubwa. Kalonda alikuwa na pirogi ya kushuka Lokandu, imejaa mpaka maji yanalamba ukingo. Mimi nilikuwa nimekwisha kupandishwa. Assumani alikuwa amesimama ndani ya maji na sanduku la chuma kichwani, karatasi zote zimo, zile zile alizozipiga Zaina. Ndipo Zaina mwenyewe akafika, anakimbia, mikono mitupu.

Kalonda akapaza sauti: "Mwalimu, ukipanda wewe, nafasi imebakia moja! Sanduku ao mwanamuke. Chagueni mbio, mimi naenda!"

Assumani alimwangalia Zaina, akaangalia sanduku. "Dada, ungoje kidogo," akasema. "Kalonda atakurudilia. Karatasi zikibakia hapa, kazi yetu imekufa."

"Yetu?" Zaina akauliza.

Basi, neno lile moja. Sanduku likawekwa mbele ya miguu yangu, Assumani akapanda, akajibana ukingoni mwa pirogi, Kalonda akasukuma.

Kalonda hakurudi. Wale waliobaki pale ukingoni siku ile, hakuna aliyepona, walizikwa pamoja. Wengine wananiuliza, wewe Mama Sifa, ulisema nini? Ningesema nini? Nilikuwa nimeshika tumbo langu. Mwulizeni Assumani.

Miaka ikapita. Tukarudi Kindu, binti yangu Sifa akakua, akaolewa. Mimi nililima muhogo na kuuza mafuta ya ngazi ili Assumani asome mpaka juu kabisa. Sanduku likafunguliwa, karatasi zile zikawa mwanzo wa teze, kile kitabu kikubwa ambacho mtu anakitetea mbele ya maprofesa ili aitwe dokta. Ndani yake iko sura nzima juu ya mizigo ya pirogi. Sanduku lile halimo.

Unajua siku ya kutetea inavyokuwa kwetu? Familia yote inashona kitenge kimoja. Mwishoni, wakati wa shukrani, mwenye teze anasema, "Bibi yangu asimame," naye anasimama, ukumbi mzima unapiga vigelegele. Njo hiyo tu niliyokuwa naingoja. Udaktari wake ulikuwa wake. Mimi nilitaka kusimama, watu wanione, wajue jembe la nani lilimsomesha nani. Kitenge nilikichagua zamani: manjano, na majani ya kijani.

Lakini profesa alirudisha teze, tena na tena. Maneno ya ndani aliyasifu, kilichomkasirisha ni mpangilio. Namba za kurasa zinaruka. Maelezo ya chini yamekimbilia ukurasa mwingine. Vichwa vya sura, huku vikubwa, huku vidogo, na pembeni karatasi haina nafasi ya kushona jalada. Vijana wa fotokopi mjini walijaribu, wakaharibu zaidi. Na tarehe ya kutetea ilikuwa imekwisha kutangazwa. Assumani akakonda.

Njo hapo yule mwanamke akaja. Ilikuwa jua kali, baada ya swala ya adhuhuri, saa ambayo hata mbuzi wanalala. Nilikuwa uani natwanga sombe. Nilipoingia ndani nikamkuta amekwisha kukaa karibu na dirisha, amenipa mgongo, kompyuta ya Assumani mbele yake.

"Ni mutu wa kupanga teze," Assumani akasema, macho chini. "Profesa njo amemutuma. Mama Sifa, utupikie chai."

Utupikie! Wao wawili, tangu lini?

Akaja kila mchana. Chai yangu hakuinywa hata siku moja. Ilipoa pale, na hata nzi hawakuisogelea. Aliniita yaya, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, kwa sauti tamu, bila kugeuka. "Yaya, samahani ya kukusumbua." "Yaya, nyumba yako iko safi." Mgongo umenyooka, shingo ndefu, ngozi ya msichana. Mimi mgongo wangu umepindwa na jembe. Assumani akaanza kupaka mafuta na kuvaa shati ya pasi ndani ya nyumba yake mwenyewe! Jirani yangu, Mama Bitota, akanichokoza juu ya uzio: "Mama Sifa, dokta wako anatafuta na bibi wa udaktari?" Nilicheka kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nawaka.

Na jambo jingine. Kila akiondoka, chini ya kiti kulibaki mchanga wa mtoni, mweupe, wenye maji. Nilifagia. Kesho yake, tena.

Siku moja mvua ilinyesha toka asubuhi, sola haikupata jua, kompyuta ikazimika kabisa. Assumani alikuwa ametoka kwenda kuswali. Nikajiambia, leo ninamwambia huyu mwanamke aende kwao, hakuna moto wa umeme, hakuna kazi. Nikaingia na fagio mkononi.

Alikuwa anaandika. Vidole vinakimbia, na kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi kama chungu. Kisha nikasikia: ngliing. Mkono wa kushoto ukainuka, ukasukuma kitu ambacho hakikuwepo. Ngliing. Ukasukuma tena.

Wewe ungefanya nini?

"Unasukuma nini?" nikauliza.

"Yaya, uliniangalia mukono kila siku pale mulangoni mwa shule, na leo njo unauliza?"

"Wewe ni nani?"

"Ile sanduku ilikuwa na uzito gani, yaya?" Aliuliza polepole, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi. "Maana mimi nilikuwa mwembamba."

Fagio likaniponyoka. Na unajua neno gani lilinitoka? Kwa akili zangu zote, nilisema: "Umekuja kuninyang'anya bwana."

Akacheka. Mabega tu njo yalicheka. "Bwana yako? Bakia naye. Nilianza hii kazi, namaliza. Lakini yaya, zunguka huku mbele. Uniangalie basi usoni, hata mara moja."

Sikumwangalia. Nilikimbia ndani ya mvua, kichwa wazi, nikakutana na Assumani njiani anatoka msikitini. Nikamwambia yote, napiga kelele kama kichaa. Hakushtuka.

"Nilimujua siku ya kwanza," akasema. "Nilimujua na ile mukono."

"Na ukaniambia nimupikie chai?"

"Mama Sifa, tarehe iko karibu. Mutu mwingine wa kupanga hii kazi hayuko. Ulitaka nifanye nini?"

Mnaona? Mara ya pili alichagua karatasi. Lakini niseme ukweli wangu wote: kukaa na mzimu ndani ya nyumba hakukuniuma vile. Kilichoniuma ni kwamba, baada ya miaka yote ile, alimtambua kwa mkono tu. Mimi nikifa nikarudi, atanitambua kwa nini? Kwa sombe?

Tuliporudi nyumbani kiti kilikuwa kitupu, na hatukumwona tena pale. Jua lilipotoka, kompyuta ikawaka, teze ikawa imepangwa kutoka jalada mpaka ukurasa wa mwisho. Profesa alisema hajaona kazi safi kama ile. Ikachapwa, ikashonwa, ikagawiwa kwa maprofesa waamuzi.

Siku ya kutetea nilikaa mstari wa mbele, kitenge changu cha manjano, kilemba juu. Sifa alikuwa nyuma na mashemeji, Mama Bitota pia, wote manjano. Assumani alijibu vizuri, maprofesa wakaenda pembeni, wakarudi, wakamtangaza dokta. Kelele! Kisha akaanza shukrani. Akamshukuru Mungu, akawashukuru walimu. "Na sasa," akasema, "bibi yangu asimame."

Nikashika kiti ninyanyuke. Sikuweza. Kitu kilikuwa kimekaa juu ya mapaja yangu, kizito, baridi, chenye pembe za chuma. Nilisukuma, kilikaa. Nyuma yangu nikasikia kiti cha mtu kinasogea, na watu wote wakageukia kule. Vigelegele vikapasuka, hata waamuzi walipiga makofi. Assumani alikuwa anaangalia juu ya kichwa changu, mbali, machozi yanamtoka. Shingo yangu ilikuwa imekakamaa, sikuweza kugeuka. Vigelegele vilipokwisha, ule uzito ukaondoka.

Nje watu walinikumbatia. "Mama Sifa, vile ulisimama!" Mama Bitota akapiga kelele. "Ile kitenge ilikukaa! Na ile shingo! Ulikuwa sawa musichana wa kuolewa kesho!"

Binti yangu mwenyewe, niliyemzaa, akanishika mkono. "Mama, sijakuona muzuri vile hata siku moja."

Nikasema asante.

Sasa teze inatengenezwa iwe kitabu cha kuuzwa. Assumani ameongeza sura juu ya vita, na sanduku bado halimo. Kila mchana, nyumba ikinyamaza, tunasikia pale dirishani: ngliing. Bwana yangu anaacha kula, anainamisha kichwa, anasikiliza kama mtu anayeimbiwa. Ananiambia nimimine chai vikombe viwili. Ninamimina. Mimi nazeeka, mwenzangu hazeeki, na wivu wangu hauna mahali pa kumpiga.

Kwa hiyo wewe unayeandika teze, kabla hujaipeleka mbele ya watu, fikiri nani alikupigia kurasa za kwanza, na ulimwacha wapi. Na wewe mwanamke mwenzangu, akija mtu nyumbani kwako kusaidia, amekupa mgongo, usipeleke chai. Zunguka mbele, umwangalie usoni siku ile ile, hata kama moyo unawaka. Mimi Zaina aliniomba hilo moja tu, nikamnyima. Akaenda kuchukua langu, kule kusimama kwangu mbele ya watu, na mtoto wangu hakuona tofauti.