Viti vya Wageni

Sebule ya bibi yangu ilikuwa na ufunguo wake, na ufunguo huo ulikaa mfukoni mwa aproni yake. Sisi wajukuu hatukuruhusiwa kuingia. Tulichungulia tu mlangoni, miguu nje, shingo ndani, kama kuku kwenye mlango wa ghala. Nami nilichungulia sana.

Kulikuwa na sofa ya mahameli nyekundu, miguu yake imepinda, imefunikwa nailoni ili vumbi lisiiguse. Kulikuwa na kabati la vioo lenye vikombe vidogo vya kahawa vya ukingo wa dhahabu, na mwanasesere askari aliyevaa sketi ya marinda, ambaye kaka yangu alishikilia kuwa ni mwanamke mwenye masharubu. Kila kitu kilivikwa kitambaa cheupe cha kufuma: televisheni, redio, mikono ya viti, hata simu, utadhani simu nayo huugua mafua. Ukutani, ndani ya kisanduku cha kioo, yalikaa mataji ya arusi ya bibi na babu, yameunganishwa kwa utepe. Pembeni taa ndogo ya mafuta iliwaka mbele ya picha ya Mama wa Mungu, na harufu yake ndiyo ninayoikumbuka kuliko vyote.

Bibi na babu walikuwa Wagiriki. Babu aliuza vitenge na samaki wa chumvi Bukavu miaka mingi. Baba yangu akazaliwa huko, akamwoa mama yangu wa huko, na mambo yalipoharibika wote wakahamia Brussels. Sebule nayo ikahama, kitu kwa kitu, ikapangwa upya katika fleti ya ghorofa ya tatu Berchem-Sainte-Agathe, dirisha likitazama maegesho ya magari. Kigiriki sikukijua zaidi ya salamu na matusi kidogo. Mimi na bibi tulizungumza Kiswahili cha Bukavu, kile cha "batu" badala ya "watu", na Kifaransa pale kilipopenyeza. Majirani walipotusikia ndani ya lifti, yule bibi kizee mweupe akigombana kwa Kiswahili na wajukuu wenye nywele za kipilipili, waliishia kusoma maagizo ya usalama ukutani.

Babu alifariki. Bibi akabaki peke yake na aproni yake. Kisha akaanza kusahau sufuria motoni, halafu siku moja akaanguka bafuni, na hapo mjadala ukaisha. Shangazi, dada yake baba, alipata chumba katika nyumba ya wazee Ganshoren. Wasimamizi wa huko walituambia tunaweza kuleta samani zake, kadiri chumba kitakavyoweza kubeba.

Ni mimi niliyesema tumletee sebule yake. Mimi nahudumia wagonjwa hospitalini Jette, kazi yangu ni kuwaosha wazee na kuwageuza, na nimeona jinsi mzee anavyotulia akiona vitu vyake mwenyewe. Nilizungumza kama mtaalamu na wote wakaniafiki. Nani angepinga? Vilikuwa vitu vyake bora kuliko vyote. Vilivyobaki, vya jikoni, shangazi aliviita takataka: ile meza ya manjano yenye miguu ya chuma, kigoda chenye mto uliofungwa kwa kamba, kitambaa cha plastiki kilichochakaa pale viwiko vilipokaa. Nilimsaidia kuviteremsha mpaka kwenye gari la jalala.

Chumba kilipendeza, sitasema uongo. Sofa, kabati, askari na sketi yake, mataji, vitambaa vya kufuma nilivyovifua na kuvipiga pasi kwa mkono wangu. Taa ya mafuta walikataa kwa kuogopa moto, tukaweka ya betri. Niliivua sofa nailoni yake, nikasimama katikati ya chumba nikalia. Niliitamani sebule ile tangu utoto, na sasa hakukuwa na mtu wa kunifukuza.

Bibi aliingia, akatazama huku na huku, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Ni muzuri sana," akasema. "Benye nyumba beko na vitu ya bei."

Akakaa kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa karibu na mlango, koti mwilini, mkoba magotini. Nikasema moyoni, amechoka, kesho atazoea.

Kesho yake nilimkuta palepale. Na keshokutwa. Wahudumu walisema hataki kuvua koti, chakula anakionja tu kwa adabu, na kitandani halali ila abebwe. Miguu ilianza kuvimba kwa kukaa.

"Koko, vua koti, kuna joto humu," nikamwambia bibi.

"Hapana, si tuko hapa kidogo tu." Kisha akaninong'oneza, maana si vizuri kusikika: "Benye nyumba batarudia saa ngapi?"

"Ni nyumba yako, Koko. Angalia, hii si sofa yako?"

Akaitazama sofa, akanitazama mimi, akashusha macho kwa heshima kama mtu aliyesikia mwenzake anajisifia mali ya watu.

Daktari alisema hali ikiendelea hivyo atampa dawa ya kumtuliza. Shangazi akasema, "Bon, kama inamusaidia." Mimi zile dawa nazijua. Nimewalisha kwa kijiko wanaozinywa, mdomo wazi mbele ya televisheni, shingo imelegea, hawasumbui mtu yeyote. Niliomba tupewe wiki moja. Nilipewa kwa shingo upande, kisha nikatoka nje nikakasirika: nikamkasirikia daktari, nikamkasirikia shangazi, na Mungu anisamehe, nikamkasirikia bibi. Watu wangapi wanazeeka bila hata kiti cha kwao, na huyu ameletewa Ugiriki nzima, anakalia plastiki!

Wiki ile nilikuwa na zamu za asubuhi. Nilitoka kazini nyayo zinawaka, nikapanda tramu, nikaegemeza kichwa kwenye kioo na kujaribu kumwona bibi amekaa kwenye ile sofa. Siku yoyote, sikukuu yoyote. Nilimwona amesimama na sinia, akiwahudumia wageni. Nilimwona ameinama na kitambaa cha vumbi. Amekaa, sikumwona hata mara moja. Kukaa alikaa jikoni, kwenye kigoda, viwiko kwenye plastiki, akichambua maharage na kumsema babu. Huko ndiko alikoishi. Tulikuwa tumemchukua mwanamke mzima tukamfungia kwenye chumba cha wageni, naye, kwa kuwa amelelewa vizuri, akafanya kama mgeni afanyavyo.

Kinyozi hajinyoi. Vya wazee wa watu navijua, vya bibi yangu nilivipeleka jalalani kwa mikono yangu.

Nikampigia shangazi simu kumuuliza kama ile meza huenda bado ipo.

"Ile meza? Ah non, ma chérie. Ile ilishaendaka. Ya nini tena?"

Nikamshukuru, nikakata simu. Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na huyu wetu alikuwa amepitisha siku nyingi bila jembe. Jumapili nilipita soko la Jette nikanunua kitambaa cha plastiki cha mezani, chenye maua mabaya kabisa. Kisha nikaenda kwenye duka la Wakongo, wanakouza maharage ya gunia, maana haya ya dukani kwa Wabelgiji ni safi, hayana hata jiwe moja la kutoa.

Nilitandika plastiki kwenye meza ndogo karibu na sinki, nikamwaga maharage kwenye sinia, nikaanza kuchambua. Sikumsemesha. Bibi alinitazama kutoka mlangoni, mkoba magotini. Mimi kuchambua sijui, sijawahi kujua, na siku ile sikuhitaji kuigiza.

"Non, non, non," nikasikia nyuma yangu. "Unaacha mawe. Batavunja meno."

Akanyanyuka. Mkoba akauweka chini. Koti akalivua mwenyewe, mkono mmoja, mkono wa pili, akalitundika kwenye kitasa cha mlango, akakunja mikono ya sweta, akanisogeza kwa nyonga kama alivyonisogeza nilipokuwa mdogo. Vidole vyake vikaanza kazi: haya huku, jiwe kule. Viwiko vikatua kwenye plastiki. Sijawahi kufurahi hivyo tangu babu afariki, na nilitaka kupaza sauti wahudumu waje waone.

Hapo ndipo aliponigeukia na kuniona nimesimama kando yake.

"Pardon, madame," akasema, kwa sauti ile tamu ambayo sisi wa ndani hatukuwahi kuipata. "Mugeni hawezi kuikala ku cuisine. Enda ku salon, ikala bien. Nitakuletea maji."

Jikoni palikuwa ile meza ya sinki; sebule ilikuwa nyuma yetu tu. Nikaenda, nikakaa kwenye sofa nyekundu. Ni ngumu, na springi yake moja inachoma. Akaniletea maji kwa glasi ya kupigia mswaki, akaiweka juu ya kitambaa cha kufuma, akasubiri ninywe.

"Uko mutoto wa nani?"

Nikamtajia jina la baba.

"Ah! Namujua. Ni mutu muzuri ule. Umusalimie."

Nikamwambia salamu zitafika. Akarudi kwenye maharage yake, nami nikabaki pale kwenye kiti cha wageni, nimechoka mno kubisha.