Mama Alipofungiwa Ng'ambo

Jana nilikuwa saluni pale Kamakis, nywele nusu zimesukwa, redio ikasema kuna nchi jirani inatishia kujitoa kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wenzangu waliendelea na umbea wao. Mimi nilimwambia msusi asimame kwanza nisikilize, rafiki yangu. Binti yangu ameolewa Arusha, na mimi nimeshaona mpaka ukifungwa.

Nilikuwa darasa la pili, kwetu Gatuanyaga. Mama yetu alikuwa Mchaga wa Rombo, upande wa Tanzania, na enzi hizo kwenda kwao kulikuwa kama kwenda soko la Thika: unabeba kiondo, unafika. Akaenda kumwona mamake aliyekuwa mgonjwa, akamwacha mdogo wetu, aliyeachishwa ziwa juzi tu. "Narudi Jumamosi," alisema.

Cucu, mamake baba, hakukubali msafiri asahaulike. Kila jioni mwiko wa kwanza wa irio, viazi vilivyopondwa na njahi, yale maharagwe meusi, uliingia bakuli la mama, likafunikwa hadi kesho yake. "Ukila chakula cha msafiri, unamfungia njia," alituonya. Ijumaa asubuhi ile harufu ya njahi ikanishinda. Nikala. Nikalamba na bakuli.

Jumamosi mama hakuja. Jumatatu mwalimu akatuambia Jumuiya imevunjika na Tanzania imefunga mpaka. Wee! Nilijikojolea pale pale kwenye dawati. Wakubwa waliwalaumu wanasiasa, lakini mimi nilijua nani aliyefunga. Nikaanza kukataa chakula, kila jioni nasukumia changu kwenye bakuli la mama. Cucu akadhani nina minyoo, akanichemshia dawa chungu ajabu. Nikainywa bila kulia, maana niliona ni haki yangu. Baba alienda mpakani Loitokitok mara mbili, na mara zote mbili alirudi peke yake, akaingia zizini kwa ng'ombe bila kutusalimia.

Mwaka mzima ulipita. Ndipo mama akatokea mchana mmoja, amepitia njia za vichakani, miguu imevimba. Nililia mpaka nikakosa sauti. Yeye akapiga magoti uani, akamnyooshea mdogo wetu mikono. Mtoto akakimbilia nyuma ya cucu, akashika gauni lake.

"Cucu, huyu ni nani?"

Mama ndiye aliyejibu, polepole, asimtishe.

"Mimi ni jirani. Nimekuja kuwasalimia."

Mpaka ulifunguliwa miaka baadaye, watu wakashangilia. Mdogo wangu sasa ana wajukuu, na hadi leo akiumia, anayemwita ni cucu.