Niliitoboa Sailensa kwa Ajili ya Mkamburi

Asubuhi ile mke wangu alinipa kimanga kilichobaki jana, mihogo iliyopondwa na maharagwe, kingine akanifungia nibebe. Akatoka na mbuzi wetu, akamfunga ukingoni mwa shamba, mahali anapoonekana kutoka mlango wa jikoni. Nikawasha pikipiki. Yeye alikuwa ameinama kwenye maharagwe, hakugeuka. Nikazunguka mpaka mbele yake ili auone mdomo wangu.

"Nateremka Voi."

"Ulete chumvi. Na maneno ya Voi uyaache huko huko."

Siku ya tatu alianguka. Wiki haikuisha tukamzika. Ilikuwa mwaka wa themanini na saba.

Jina lake Mkamburi, mama wa Wakesho. Kwetu Wusi watu huitana kutoka mlima mmoja hadi wa pili, na sauti yake ilivuka bonde bila kuchoka. Ng'ombe akipotea ng'ambo, mtu akifiwa, habari ilipitia kwake. Kisha homa ya mwaka wa sabini na mbili ikamchukua masikio. Sauti ikabaki. Aliita vile vile, na sisi tukamwonyesha kwa mikono alivyojibiwa. Alijicheka mwenyewe.

"Mimi sasa ni redio. Nasema tu."

Pikipiki niliipata kwa mpimaji wa ardhi aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Nilimpa fahali, naye akamuuza. Ilikuwa kubwa, ya safari ndefu, na kimya sana. Nilibebea kabichi mpaka stesheni ya Voi, jioni narudi. Masikio ya Mkamburi, kabla ya homa, yaliishika hata hivyo, kona tatu kabla ya nyumbani. Nikifika, chai iko tayari. Baada ya homa akaanza kuteremka kuningoja barabarani.

Jioni moja ndovu walisimama njiani chini ya Mwatate. Nikangoja wapite. Nilipofika kona ya kwetu mvua inanyesha, na mtu yuko katikati ya barabara amenipa mgongo. Nikakanyaga breki, nikaingia mtaroni na matenga yangu. Alikuwa yeye. Hakujua lolote mpaka nilipomshika bega.

"Umechelewa, Baba Wakesho. Nilidhani ndovu wamekumaliza."

Tukiwa bado tunatoa pikipiki mtaroni, lori la kokoto likapita pale pale alipokuwa amesimama. Nikamwambia asije tena hapo.

"Kesho nitakuja," akasema. "Nisipokusikia nitakaaje nyumbani?"

Daktari alikuwa amesema usikivu kidogo umebaki, kelele kubwa labda ataipata. Basi nikaenda kwa Nyongesa, Mbukusu, mchomeleaji wa reli pale Voi. Alikuwa na banda lake nyuma ya nyumba za wafanyakazi.

"Nataka ilie," nikamwambia.

"Watu wananiletea ninyamazishe, wewe mzee unataka ilie? Umeoa wa pili, unataka mji mzima ujue?"

"Ni yule wa kwanza. Hasikii."

Akaacha kucheka, akachukua spana.

Ekzosi ya kelele ilipatikana Mombasa, lakini si kwa mfuko wangu. Nyongesa akafungua sailensa. Ndani kuna bomba jembamba lenye matundu, ndilo linalomeza sauti. Alitaka kulikata nusu. Mimi nikamwambia atoe lote. Akanionya. Nikasema toa.

Ikalia kama treni. Lakini nguvu ikaisha. Mlima wa kutoka Mwatate niliusukuma kwa miguu, pikipiki inapiga risasi, watu wa shambani wanainua majembe kunisalimia kama bwana harusi.

Kesho yake nikarudi.

"Wewe Mtaita!" Nyongesa akasema. "Na mashine nayo inataka kupumua kwa kiasi. Ukitoa mlango na ukuta, hiyo bado ni nyumba?"

Akarudisha nusu ya lile bomba. Akatoboa matundu manne nyuma ya sailensa. Akapanua kidogo kitundu cha petroli kwenye kabureta. Mwishoni akachomelea kipande cha bomba kuukuu la chuma, mdomo wake ameupanua kama tarumbeta. Alichukua kabichi sita na kicheko.

Siku hiyo ilipanda vizuri, na ilinguruma bonde zima. Jirani yangu Silvanus, wa shamba la chini yetu, alikuwa na mbuzi kumi na mmoja. Walikata kamba wote wakakimbilia juu kwetu. Silvanus akasimama njiani na fimbo.

"Jirani, hicho ni chombo au ni vita?"

"Ni cha Mama Wakesho."

"Basi mwambie Mama Wakesho mbuzi wangu hawana homa, wanasikia!"

Nikafika kona ya kwetu. Hakuna mtu. Nyumbani nikamkuta jikoni, maji yanachemka. Nilifurahi sana. Tangu siku hiyo hakwenda tena barabarani. Miaka kumi nilikunywa chai ya moto nikifika, na Nyongesa nilimpelekea kabichi kila Krismasi. Mbuzi wa Silvanus hawakuizoea kamwe.

Mwaka wa themanini na nne mvua ilikosa. Silvanus akauza mbuzi wote. Jioni ile ile nikapanda kama kawaida, sailensa inanguruma, na kwenye kona namwona Mkamburi barabarani, amenipa mgongo. Nilikuwa nakuja polepole, nikasimama. Nikaenda mbele yake. Nikamuuliza, leo hukunisikia?

Aliniangalia kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Kisha akacheka mpaka akakaa chini. Alichoniambia ndicho kilichonipeleka soko la Mghange kesho yake kununua mbuzi mmoja, mwoga kuliko wote waliokuwepo. Maneno yake nayaweka kama alivyoyasema:

"Baba Wakesho, hiyo pikipiki yako sijaisikia hata siku moja. Mimi naangalia mbuzi wa Silvanus. Wakikimbia, naweka maji."