Jeneza Tupu Mtaani

Mama yangu husema nilizaliwa kabla mkunga hajavua viatu, na tangu siku hiyo sijatulia. Chuoni hilo lilinifaa. Nilikuwa mwaka wa pili nasomea filamu, na kila kundi lilitaka mtu wa kuwakimbiza wenzake. Tulipopewa kazi ya kutengeneza filamu fupi ya dakika kumi na mbili, mimi ndiye niliyefanywa muongozaji, na kabla mkufunzi hajamaliza kueleza masharti nilikuwa nimeshatoa mguu mmoja nje ya mlango.

Hadithi yetu ilikuwa ya kijana anayerudi kutoka Ulaya siku ya maziko ya baba yake. Anashuka boti, anakimbia vichochoro vya Mji Mkongwe, na kila akifika kona, jeneza limeshapinda kona nyingine. Basi. Maneno machache, mbio nyingi. Wenzangu walisema hadithi yenyewe imefanana na mimi, na sikuona haja ya kubisha.

Jeneza tulilitengeneza wenyewe kwa mbao za kitanda kibovu, uani kwa mwenzetu mmoja huko Ng'ambo. Tukalifunika shuka la kijani kutoka Darajani, ndani tukatia mito minne na gunia la mchanga ili wabebaji waonekane kweli wamebeba kitu. Sheha wa mtaa tuliochagua alitupa kibali bila ya maneno. Kila kitu kilikuwa tayari.

Mwenzetu wa kunasa sauti ni msichana mtaratibu, ambaye mpaka leo ni rafiki yangu kwa huruma zake tu. Siku ile aliuliza swali moja.

"Tumuweke mtu konani awaambie wanaopita kama hii filamu?"

"Thubutu! Wakijua watasimama wakodolee kamera, watuharibie."

"Na wasipojua?"

"Wasipojua watapita."

Nimezaliwa mji huu. Nilijua fika kwamba hapa mwanamme hapitwi na jeneza akaendelea na safari yake. Nililijua hilo, lakini nilijitia kusahau kwa kuwa nilikuwa na haraka.

Tulianza baada ya alasiri. Mimi nilikuwa juu na kamera, kwenye dirisha la nyumba ya shangazi wa mmoja wetu. Sisi wanawake hatusindikizi jeneza, kwa hiyo hata yangekuwa maziko ya kweli pale dirishani ndipo pangekuwa pahala pangu. Chini wanafunzi sita waliovaa kanzu walitakiwa watoke kona moja mpaka ya pili, hatua thelathini hivi, kisha watue.

Hawakufika hatua ya kumi. Muuza kahawa aliweka dele lake chini. Mtu wa skuta akazima na kuiegemeza ukutani. Wawili wakatoka mbio duka la kanga. Kila mmoja akaja na bega lake, akabeba hatua chache, akampisha wa nyuma yake kama ilivyo desturi. "La ilaha illa Llah" ikaanza chini chini, ikapanda mpaka ikajaa kichochoro kizima. Wanafunzi wangu wakajikuta wamesukumwa pembeni na jeneza lao linakwenda.

Halafu akatoka fundi cherehani. Alikuwa mzee mwembamba mwenye utepe wa kupimia shingoni, na kofia imemkaa upande kwa haraka ya kuinuka. Alijipenyeza, akaliweka jeneza begani chini ya dirisha langu hasa, akaenda nalo mpaka kona, akampisha mwengine. Hakuendelea nao. Alisimama pale pale akainua mikono, midomo ikawa inacheza na macho yanajaa machozi. Kisha akajipangusa uso akarudi dukani kwake. Yote hayo niliyapata kwa mwanga mzuri kuliko wote niliowahi kuupata maishani.

Jeneza halikutua. Vijana wangu hawakujua wasemeje, wakafuatana na watu mpaka kwenye uwanja mmoja wa mbele, ndipo mmoja wao alipojikaza akapiga kelele, "Jamani, hii filamu!" Baadhi ya watu walicheka. Mmoja alitaka kumtia kofi. Muuza kahawa alisema astaghfirullah, akageuka akaenda zake. Nilipohadithiwa nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Fundi cherehani hakuwepo uwanjani. Alikuwa ameshakaa kwenye cherehani yake, hatua chache kutoka mlango tuliotokea. Nilipita mbele yake na kamera mkobani, nikamwamkia, akaniitikia vizuri. Ningeweza kusimama pale nikamwambia, lakini nilikuwa na kiherehere cha kwenda kutazama nilichokipata, nikapita.

Uhariri ulichukua miezi mitatu, na ndani ya miezi hiyo filamu iligeuka. Yule kijana anayekimbia alizidi kuwa mdogo, na mzee akazidi kuwa mkubwa. Mkufunzi alipoona kipande chake alisema, "Hiki ndicho." Nikalewa kwa neno hilo. Nikatengeneza kionjo, sekunde arobaini za kuwatia watu hamu, na cha mwisho kuonekana ni uso wa mzee na mikono yake. Bango nalo likawa uso wake. Nikavibandika vibango mwenyewe kwenye milango ya mikahawa, kwenye kuta za chuo, na popote nilipokuta msumari. Kionjo kikaingia kwenye magrupu ya simuni, kikazagaa, na mimi nikawa silali, sili, naangalia simu kila dakika nani kakisambaza na kasema nini.

Nikaalikwa redioni. Mtangazaji akaniuliza, "Yule mzee anayetuliza machozi, ni muigizaji wa wapi?"

Nikajibu kwa sauti yangu nzuri kabisa, "Hakuwa anaigiza, na huo ndio uzuri wake. Mle ndani mlikuwa na mito tu, yeye hajui. Anamuombea mtu asiyekuwepo."

Mtangazaji akasema subhanallah, na mimi nikaona nimesema jambo kubwa. Fundi cherehani gani asiyefungua redio kutwa? Hilo halikunipitia akilini hata chembe.

Siku ya tatu yake mwenzangu wa sauti alinipigia. "Yule mzee anakuulizia," akasema, akakata simu.

Nilimkuta anatarizi kola ya kanzu. Mlangoni kwake walikaa wazee wawili, watu wa baraza yake.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Ndiye wewe ulosema redioni?"

"Ndimi, Babu."

"Hebu nambie vizuri. Mle hamkuwamo mtu?"

"Hamkuwamo. Mito na mchanga."

"Mito," akasema, akaiweka kanzu magotini. "Siku ya pili ya jeneza lile miye nlikwenda Matemwe, binti yangu kajifungua, nkakaa huko wiki mbili. Nliporudi nkauliza yule maiti alikuwa wa nani. Haniambii mtu; walojua nnadhani walinionea haya. Nkasema basi huyo mgeni, masikini, hana jamaa hapa. Ntamsomea miye. Kila Alkhamisi magharibi nnamsomea Yasini. Nyumbani wote wanajua."

"Mpaka lini, Babu?"

"Bango nliliona, nkadhani mmenasa maziko ya kweli. Mpaka uliposema redioni."

Mmoja wa wale wawili akacheka. "Sheikh wa mito huyo," akasema, na mwenzake akadakia, "Wiki hii utamsomea godoro?" Mzee naye akacheka pamoja nao, kicheko cha mtu asiye na pa kukimbilia. Nilijua utani wa aina hiyo. Mtu akishapewa jina barazani huzikwa nalo.

"Nitoe, mwanangu," akaniambia. "Sikukatazi. Nnakuomba."

Nikamwaga maneno. Nilimwambia yeye ndiye roho ya filamu, watu wakimuona wanalia, onyesho ni keshokutwa na watu wameshaalikwa, na kwamba hakuna alilolifanya la aibu. Alinisikiliza huku anatia uzi kwenye sindano.

"Nnakuomba," akasema tena.

"Inshaallah," nikamjibu, ile inshaallah ya mtu aliyekwisha kuamua hapana. Naye ni mtu mzima, aliijua.

Siku mbili zile sikukaa mahali. Nilitembea Mji Mkongwe mpaka Michenzani na kurudi, mara ya kwanza kwa mguu wa haraka, mara ya pili kwa mguu wa haraka zaidi. Nikifika chuoni nafungua kompyuta, namtoa mzee, naitazama filamu, naiona imebaki na mtu anayekimbia ovyo, namrudisha. Nikamtoa tena, nikamrudisha tena. Nilimuuliza mkufunzi bila ya kumueleza kisa chote, akasema nikimtoa nimeua filamu. Nikamuuliza mwenzangu wa sauti.

"Mwenyewe kasemaje?" akauliza.

"Kasema nimtoe."

"Sasa unaniuliza nini?"

Nilimkasirikia. Sikusema naye mpaka siku ya onyesho, kwa sababu hakunipa jibu nililolifuata.

Ukumbi wa chuo ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Nilikaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Mzee hakuja, na nilishukuru. Kijana wetu akashuka boti, akakimbia, akapinda, watu wakamfuata kwa macho. Likaja jeneza. Akaja mzee na bega lake. Akainua mikono.

Nyuma yangu mtu akapaza sauti, "Sheikh wa mito!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Siyo watu wawili watatu, ukumbi mzima. Mzee pale juu ukutani, mkubwa kuliko mlango, machozi yamemjaa, na watu wanapiga makofi ya mzaha. Wengine waliitikia "Amin!" kwa sauti za kukejeli. Kwanza nilipandwa na hasira, nikataka kumfuata yule aliyeanza nimkunje shati. Kisha nikakumbuka kwamba hakubuni kitu. Habari ya mito mimi ndiye niliyeitoa, redioni, tena kwa kujisifu. Nikainuka nikatoka nje, na filamu yangu ikamaliziwa na watu wengine.

Nilimtoa jioni ile ile. Vibango nilivibandua kwa kucha zangu, kimoja kimoja. Kionjo nilikifuta kwenye kurasa zetu, lakini kilikuwa kimeshaingia kwenye simu za watu, na simu za watu huwezi kuzibandua. Asubuhi nikaenda dukani. Wale wawili walikuwepo, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa.

"Nshakutoa, Babu," nikasema.

"Kabla au baada?"

"Baada."

"Walicheka?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mtamu, na wa huruma. Lakini nilikuwa nimeshamdanganya mzee huyu vya kutosha.

"Walicheka, Babu. Ukumbi mzima."

Akatikisa kichwa, akaendelea kukanyaga cherehani. Nikawageukia wale wawili, ingawa msichana kusimama mbele ya baraza ya wazee na kuwafundisha si jambo jepesi kwetu. "Kosa si lake," nikawaambia. "Yeye kaona jeneza, kafanya lililompasa. Mimi nlikuwa juu dirishani na kamera, nlijua kama hamna mtu, na nkanyamaza. Wa kuchekwa ni mimi."

"Sie tunamtania tu," mmoja akasema, anaangalia kikombe chake. "Utani wetu wa siku zote."

Cherehani ikanyamaza. "Nna suali moja tu," mzee akasema. "Kuwe na mtu kusiwe na mtu, miye nliomba. Mwengine aloniona nnaomba ni wewe, ulokuwa juu dirishani. Uliitikia amin?"

Hakuniuliza kwa hasira. Aliniuliza kama anavyomuuliza mteja urefu wa mkono. Nikajiona juu kule, jicho moja limefumba, jingine limeganda kwenye kamera, na midomo yangu kweli ilikuwa inacheza.

"Sikuitikia, Babu. Nlikuwa nnaomba betri isizime."

Wale wawili hawakucheka. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto, nikawa sijui niweke wapi mikono yangu. Mzee alinitazama kidogo.

"Amin," akaniitikia, akarudisha mguu kwenye cherehani.