Taji la Malkia Kichwani mwa Fundi Kufuli

Ukitaka kujua kama Bi Vimulimuli yuko nyumbani, usipige hodi kwanza. Tazama chini. Kizingiti kikimeta, yupo. Puleki, vile visahani vidogo vinavyong'aa ambavyo yeye hushonea mapambo ya nywele, zilikuwa zimeenea nyumba nzima: kwenye mikeka, kwenye sabuni, mpaka ndani ya kopo la chumvi. Mumewe aliwahi kwenda mazikoni na puleki moja ya waridi imemganda kwenye ndewe ya sikio, na wafiwa wakawa hawajui watazame wapi.

Kazi yake ilikuwa kuwapamba vichwa waigizaji. Akitakiwa vibanio vya vipepeo kwa mabinti wa kifalme, haya. Akitakiwa vitana vyenye nyota kwa majini, haya vilevile. Waya aliukunja kwa mkono, shanga alizitunga kwa sindano nyembamba kama unywele, na vijiwe vya kioo alivipachika kimoja kimoja huku ncha ya ulimi imemtoka upande mmoja wa mdomo. Zamani mtaani walimwita mke wa Fundi Kufuli. Tangu kazi hii ishike, Fundi ndiye aliyekuwa akiitwa mume wa Bi Vimulimuli. Yeye, mtu mpole anayewafungulia milango waliopoteza funguo, alilipokea jina hilo kama mtu aliyebebeshwa mzigo usio mzito ila wenye umbo baya.

Sasa jina lenyewe lilikuwa linaning'inia kwenye uzi. Katika onyesho lililopita, malkia wa mchezo alikunywa sumu, akapepesuka, akaanguka vizuri sana. Ukumbi kimya, watu wanatafuta leso. Hapo taji likamtoka kichwani, likabiringika jukwaani, likashuka ngazi na kusimama miguuni mwa mzee mmoja wa mstari wa mbele. Mzee, mtu wa adabu zake, akaliokota, akalipangusa vumbi, akapanda nalo hadi kwa maiti. "Chukua mwanangu, usije ukalisahau." Na marehemu, aliyelelewa vizuri, akajibu, "Asante, baba."

Watu walicheka hadi wengine wakatolewa nje kupunga hewa.

Kesho yake mwongozaji wa mchezo alikuja. Alikuwa mtu mfupi aliyezungumza kana kwamba mbele yake kuna ukumbi mzima, hata akiwa amesimama kando ya jiko la mtu.

"Bi Vimulimuli, nakuheshimu! Lakini watu walikuja kulia, wakarudi kwao wameshika mbavu! Taji likianguka tena, basi. Tutachukua mapambo ya dukani. Ya plastiki!"

Afadhali angemtukana. Neno hilo "plastiki" lilimkaa Bi Vimulimuli kooni kama mwiba wa samaki. Hakula vizuri siku hiyo.

Kosa alilijua. Taji lile alikuwa amelikunja juu ya kichwa cha sanamu ya dukani, kichwa kidogo kama embe changa, wakati binti anayeigiza malkia amejaliwa kichwa kikubwa chenye nafasi ya akili na ziada. Taji halikumkaa, lilimpanda tu. Safari hii alitaka kichwa cha kweli, cha ukubwa uleule. Akampima binti kwa futi kamba, akarudi nyumbani akipima kila aliyepita mlangoni, hata muuza maziwa. Futi ilipomzunguka Fundi Kufuli, ikakutana palepale.

"Mume wangu," alisema, macho yamemtoka, "una kichwa cha malkia!"

"Nilikuwa nangoja siku utakayokiona," akajibu Fundi.

Basi kila alasiri akitoka kazini aliketi kwenye kiti cha varandani, gazeti mkononi, huku mkewe akimkunjia waya kichwani. Shida ilikuwa moja tu. Katikati ya kichwa Fundi alikuwa na kipara kitupu, ila pembeni, kutoka sikio hadi sikio, ulikuwa umebaki mduara wa nywele, kama ua uliozunguka shamba lisilo na mazao. Nywele hizo alizipenda kupita kiasi. Alizipaka mafuta asubuhi na jioni, akazichana kwa kitana chake mwenyewe ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Kwa ajili ya nywele hizo, Bi Vimulimuli alimvalisha kwanza mfuko wa nailoni, kwa sababu safari hii hakutumia gundi ya kawaida. Alikuwa ameomba gundi kwa mshona viatu, ile inayoshika soli ya kiatu kwenye tope.

Siku ya onyesho ikafika, na mchana wake akabandika safu ya mwisho ya vijiwe.

"Usitikisike. Likikauka nitalivua mwenyewe," alimwambia mumewe, akaingia ndani kuoga.

Jua lilikuwa kali. Ndani ya nailoni, kichwa cha Fundi kilitokwa jasho kama sufuria iliyofunikwa. Akavumilia, akavumilia, mwisho akalivua taji polepole, akautoa mfuko, akautundika kwenye mkono wa kiti. Kisha, kwa kuwa alikuwa mume mwema na hakutaka umbo la taji liharibike, akalivaa tena. Akasinzia.

Bi Vimulimuli aliporudi, kitu cha kwanza alichokiona ni ule mfuko ukipepea.

"Mume wangu. Huo mfuko ni wa nini?"

"Wa kichwa," Fundi akasema bila kufumbua macho.

"Na kichwa kiko wapi?"

"Si hiki hapa."

"Na hilo taji liko juu ya nini?"

Fundi akafumbua macho. Akashika taji, akalivuta. Ngozi ya paji la uso ikapanda, nyusi zikapanda, masikio nayo yakapanda. Taji likabaki.

"Nimefungua milango ya mtaa mzima," alisema taratibu. "Leo nimejifungia kichwa."

Walijaribu maji ya moto. Walijaribu sabuni. Fundi akataja mafuta ya kupikia, mkewe akapiga kelele, maana mafuta yangelegeza gundi, vijiwe vikapukutika na puleki zikafifia kama macho ya mgonjwa. Mwisho akaitwa wifi, dada yake Fundi, msusi wa saluni ya jirani. Alifika na mkasi wake mfukoni, akasimama mlangoni, akashika kiuno.

"Wifi! Umemfanya nini kaka yangu?"

"Nimemvika taji. Si kila siku unalalamika kwamba simthamini?"

"Unamthamini au unamzika na hazina?" Msusi akainama, akachungulia pembeni mwa taji. "Kaka, habari ni mbaya. Zimeshikwa zote. Nikate nywele, au mkate taji. La tatu hakuna."

"Katilieni mbali taji!" Fundi akaruka kutoka kitini. "Nywele zangu haziguswi ng'o!"

Bi Vimulimuli alikwenda kwenye kisanduku chake, akarudi na koleo ya kukatia waya, akasimama nyuma ya kiti. Akatafuta mahali ambapo angekata bila kuumiza sana, asipaone. Kila waya aliougusa ulikuwa umeshika nyota, na kila nyota ilishika nyingine. Fundi akasikia koleo ikigonga vijiwe, tik, tik, tik. Hakuna waya uliokatika.

"Ngoja," akasema Fundi. "Nipeni kioo."

Wakampa. Akajitazama kushoto, akajitazama kulia. Taji lilimpendeza, hilo hata yeye hakuweza kulikana.

"Hili likikatwa, kuna jingine?"

"Hakuna."

"Na watachukua yale ya dukani."

"Ya plastiki," alisema Bi Vimulimuli, koleo bado mkononi.

Fundi akashusha kioo. "Dada, kata."

"Kaka, umri wako huu, zikigoma kuota je?"

"Kata kabla sijapata akili!"

Msusi alipomaliza, taji lilitoka, na vipande vya nywele vikabaki vimeganda ndani yake mzunguko mzima, vifupi, vigumu, kama brashi ya kupigia viatu rangi. Muda wa kuvinyofoa haukuwapo. Bi Vimulimuli alilifunga taji kwenye kanga, akatoka mbio, na nyuma yake mumewe akafuata, kofia imevutwa hadi kwenye nyusi, pamoja na msusi.

"Mbona ndani kunachoma?" Malkia aliuliza nyuma ya pazia.

"Bitana hiyo, mwanangu. Vumilia."

Pazia likafunguliwa. Bi Vimulimuli alisimama pembeni, kanga ameiuma kwa meno. Malkia akapepesuka, taji likatulia. Akazunguka, likatulia. Binti naye akaona leo ana taji la kuaminika, akapata kichaa cha furaha. Badala ya kuanguka mara moja, alianguka, akainuka, akajitupa ubavu, akagaagaa jukwaa zima hadi mfalme akamwonea huruma kwelikweli. Vile vinywele vilikuwa vimeng'ang'ania misuko yake kama paka juu ya pazia. Alipokata roho, taji liliwaka kichwani pake, na mstari wa mbele ukasikika ukipenga kamasi.

Fundi Kufuli alikuwa wa kwanza kusimama kupiga makofi. Alipiga kwa nguvu mno hata kofia ikamdondoka, na mama aliyekaa nyuma yake, aliyekuwa katikati ya kulia, akatazama kile kichwa chenye vipara juu ya kipara, akakosa la kufanya ila kulia zaidi.

Baadaye mwongozaji alikuja mbio, taji mkononi, akipapasa ndani yake kwa kidole.

"Bi Vimulimuli! Bitana hii ni ya ajabu! Onyesho lijalo tuna mfalme, malkia na mabinti wao. Nataka uweke hii hii kwenye mataji yote! Umeitoa wapi?"

Msusi akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Fundi akaivuta kofia chini kwa mikono yote miwili.

"Kwa sasa hakuna," alisema Bi Vimulimuli. "Ni kitu cha nadra, na kinachelewa kuota."